Mama Alivyookoa Samaki wa Watu

Mama alikuja Guangzhou, China, kunichukua, wala hakuficha. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza, na kwetu mimba ya kwanza hulelewa kwa mama mzazi, basi. Tiketi yangu ya kurudi naye Mwanza alishaikata kabla yeye mwenyewe hajapanda ndege. Pale uwanja wa ndege wa Baiyun, hata hajanisalimia vizuri, aliitazama miguu yangu iliyovimba akasema, "Hawa watu wanakutumikisha."

Hawa watu ni wakwe zangu, Wabaski wa kaskazini mwa Uhispania, wenye mgahawa wa meza nane hapa mjini, ghorofa ya pili. Mama mkwe na mume wangu wanapika, mimi napokea wageni. Ni mgahawa wa wenye nazo: sahani pana, chakula kidogo katikati, mchuzi umechorwa pembeni. Mama alipoletewa sahani yake ya kwanza alikula kwa adabu zote, kisha akaniuliza, "Hiki cha kuonja nimekipenda. Chakula chenyewe kinakuja saa ngapi?" Nikamwambia mama mkwe kwamba mgeni amefurahi sana.

Kutafsiri kwenyewe kulikuwa vituko. Mimi na mama mkwe hatuna lugha nyingine ila Kichina. Mimi nilikisoma chuoni hapa hapa, yeye alikiokota sokoni akibishana na wauza samaki. Kwa hiyo kila neno la mama lilipitia kwa Wachina ndipo limfikie mama mkwe.

Mimi nilitaka kuzaa hapa. Nilitaka mume wangu awepo mtoto akilia mara ya kwanza. Lakini nimwambieje mama, mwanamke aliyenilea kwa kuuza kayabo, wale sangara wa chumvi, mpaka nikapata ufadhili wa kuja kusoma? Sikuwa na ubavu huo. Nikawa najidai tu nafungasha.

Siku ya tatu aliingia stoo ya mgahawa akakuta maboksi ya samaki wa mama mkwe, mapande makavu ya samaki wa bahari ya baridi, meupe kwa chumvi. Uso ukamchanua. "Kumbe nao ni watu wa kayabo!" Akalinusa pande moja, akaligonga kwa kucha, akasema aliyelitia chumvi ni fundi. Nilifurahi nikaenda zangu kupanga meza. Kosa langu ni hilo, maana sikumweleza kwamba samaki wa Jumamosi hulowekwa kwenye friji siku mbili, maji yakibadilishwa, mpaka chumvi itoke.

Jumamosi mchana mama akafungua friji kutafuta maji ya kunywa, akaona mapande yanaelea. Akaonja: chumvi hakuna. Kwa mwanamke wa kayabo, samaki kuingia maji ni msiba. Akamwaga maji yote, akafuta kila pande, akayafukia kwenye chumvi ya mfuko wa stoo hadi la mwisho. Aliponiita kunionyesha, alikuwa anatabasamu. "Nimewaokolea mali yao."

Meza zote nane zilikuwa na wenyewe jioni ile, na wote wanamfuata samaki huyo. Mama mkwe akaingia na kikapu cha pilipili hoho, akaiona chumvi, akasimama. "Nani?"

"Mimi," nikasema. "Nimechanganyikiwa."

Nikangoja kelele. Mwanamke huyu humfokea mwanawe kwa kijiko kilichowekwa upande usio wake. Akatua kikapu. Akavuta kiti akanikalisha, akapindua kreti tupu, akaniinulia miguu juu yake na kuikandakanda. "Meishi, meishi," akasema, hakuna neno. Kisha akaanza kuwaosha samaki na kuwachambua nyuzinyuzi kwa vidole, kwa sababu samaki aliyechambuliwa hutoa chumvi upesi. Angewakaanga kwa mayai na pilipili hoho, chakula cha zamani cha kwao.

Mama hajui Kichina hata cha kuombea maji, lakini alikuwa ameelewa. Alitazama kiti, kreti, miguu yangu.

"Umemwambia ni wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mwambie ni mimi."

Nikatafsiri, uso unawaka kwa aibu. Mama mkwe hakuinua hata kichwa. "Najua. Wewe mfuko ule wa chumvi huwezi kuuinua. Muulize kama kwao wanachambua hivi."

Mama akanawa mikono, akasimama kando yake. Alikuwa na kasi kumzidi. Mama mkwe akaona, naye akaongeza kasi, basi wakawa wanashindana bila kutazamana, kila mmoja akibana kicheko. Mume wangu alichungulia, akaona mambo yanakwenda vizuri, akaenda kuvunja mayai.

Pande la mwisho lilipokwisha, mama akajifuta mikono polepole. "Muulize," akasema bila kunitazama, "hospitali ya kujifungulia iko mbali?"

Nilifungua mdomo nitafsiri, kilio kikanitangulia. Mama mkwe akaruka akanishika tumbo, akidhani uchungu umeanza kabla ya wakati. Nikatikisa kichwa, nikamwambia alichouliza mama. Hapo mama mkwe akavua aproni, akamkabidhi mwanawe jiko zima, akamshika mama mkono.

"Dakika kumi kwa miguu," akasema. "Mwambie avae viatu, twende akaione."