Mbuzi wa Bi Saiklopidia

Bi Wahiba binti Abdulrahman alikaa Mwenge, nyumba ya tatu nyuma ya vibanda vya wachonga vinyago, na kwa miaka ishirini na tano mtu wa mtaa ule akikwama jambo alijua pa kwenda. Bi Wahiba alisoma hadi la nne. Mwenyewe hakukosa kuongeza, "la nne la mkoloni," maana kwa hesabu yake hilo lilikuwa refu kuliko fomu siksi za siku hizi. Siku za eda ni ngapi, mchango wa tumbo unatibiwa kwa dawa gani, nani mjomba wa nani na kwa nini hawasemezani, mito mikubwa ya Tanganyika tangu kaskazini hadi kusini: vyote alikuwa navyo kichwani, na alivitoa akiwa amekaa uani, taratibu, kama muuza hariri anayepima kitambaa.

Halafu, mwaka wa tisini na saba, mwanawe Aidarus mwenye duka la vyombo akaenda Dubai kufuata sufuria, akarudi na kompyuta.

Iliwekwa sebuleni, pale palipokuwa na kabati la vikombe. Ikavishwa kitambaa cheupe cha kufuma, na watoto wakaamriwa wanawe mikono kabla ya kuisogelea, kama wanaokwenda kula pilau. Ndani yake hutiwa kisahani kinachong'aa, na kwenye kisahani hicho, alieleza Aidarus, mna elimu ya dunia nzima ya kujaza kabati la vitabu, na picha zake, na sauti zake. Jina lake ensaiklopidia. Wajukuu walishindwa kulimaliza, wakasema Saiklopidia. Bi Wahiba, ambaye marehemu mumewe aliwahi kumwolea mke wa pili na hivyo alimtambua mke mwenza hata akija ndani ya boksi, akaiita Bi Saiklopidia.

Tangu siku ile mgeni akiingia alikuwa hapewi kahawa kwanza, anasikilizishwa simba. Aidarus anabonyeza, simba ananguruma, mgeni anashika kifua, Aidarus anacheka. Na maswali yote yakahamia sebuleni. Bi Wahiba alihesabu siku: wiki nzima ikapita hajaulizwa neno, ila kama chumvi imetosha.

Siku ya nane akaingia jirani yao Felicitas, mfuga kuku, uso umejaa swali. Bi Wahiba akajitanda kanga yake vizuri, akakohoa kusafisha koo.

"Shikamoo Bi Wahiba."

"Marahaba mwanangu. Sema."

"Mjukuu wako Najma yupo? Nataka aniangalizie kwenye kompyuta. Kuku wangu wanakohoa."

Bi Wahiba akamtazama toka kichwani hadi kandambili.

"Wanakohoa Kizungu?"

"Ah, Bi Wahiba nawe!" Felicitas akacheka, akavua kandambili, akaingia sebuleni.

Ndivyo mambo yalivyokuwa siku ambayo Rumaisa, mjukuu wa darasa la sita, alirudi na kazi ya nyumbani ya Sayansi Kimu. Kazi hiyo ilikuwa na nusu ya maksi za muhula, na Rumaisa alikuwa wa kwanza kwenye somo hilo tangu la nne. Nafasi hiyo aliilinda kama mtu anayelinda kiti harusini. Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake Najma, wa kidato cha tatu, kwa sababu Bi Saiklopidia alijua Kiingereza tu na Najma ndiye mkalimani wake.

Bi Wahiba yuko uani anachambua mchele, akasikia "Mee-ee-ee!"

Akaruka. Mbuzi wa watu walikwisha kumlia mchicha wake mara mbili mwezi ule. Akanyakua fagio, akazunguka nyumba nzima, akachungulia mchicha jani kwa jani. Hapana mbuzi. "Mee-ee-ee!" tena, na safari hii akatambua inatoka sebuleni. Akaingia na fagio mkononi.

Wajukuu wawili wameinamia kompyuta. Kwenye kioo amesimama mbuzi dume, ndevu hadi magotini, anaangalia watu kwa dharau. Pembeni Rumaisa anachora, ulimi nje. Bi Wahiba akainama kusoma daftari. Juu kabisa, kwa mwandiko wa kuigiza wa mwalimu, paliandikwa: "Chora mbuzi. Taja sehemu zake. Eleza matunzo yake baada ya matumizi."

Na gamba la daftari lilisema, kwa herufi kubwa, SAYANSI KIMU. Somo la kupika.

Bi Wahiba akaelewa palepale. Mbuzi iliyotakiwa ilikuwa jikoni kwake, imeegemezwa ukutani, asubuhi ile ile ameikalia kukunia nazi ya mchuzi. Akafungua kinywa.

"Matumbo yana vyumba vinne," Najma anatafsiri. "Andika. Kisha kiwele."

"Mbona huyu dume?"

"Wewe mchoree tu. Mbuzi bila kiwele mwalimu atakukata."

"Na 'baada ya matumizi' ni nini?"

Najma akafikiri. "Baada ya kukamuliwa. Andika: apewe maji na majani, afungwe mahali pakavu."

Bi Wahiba akafunga kinywa. Kaulizwa na nani? Si wana bibi yao wa kioo? Akatoka, akaenda jikoni, akakunjua mbuzi yake, akaikalia, akavunja nazi ambayo hakuna aliyeihitaji, akaanza kukuna kwa nguvu, krrr, krrr, krrr, mlango wazi. Mwenye masikio na asikie.

"Bibi!" Rumaisa akaita. "Punguza kelele, hatumsikii mbuzi!"

Haya basi. Akanyamaza kabisa, na usiku ule walikula wali wa nazi mzito hata Aidarus akauliza kama kuna mgeni.

Asubuhi Rumaisa, sare imepigwa pasi, akaja kumbusu mkono. "Bibi niombee dua. Leo Mwalimu Eufrazia anasahihisha."

Bi Wahiba akainua mikono, na dua haikuja. Utamwambia nini Mwenyezi Mungu? Amfaulishe mtoto kwa kiwele ulichokiona ukakaa kimya? Akasema "Amin" bila ya kutanguliza kitu, mtoto akaenda zake akirukaruka. Bi Wahiba akakaa, akasimama, akakaa tena. Mwishowe akavaa baibui, akaikunja mbuzi, akaitia kwapani, akatoka.

Mbele kidogo akakutana na Felicitas.

"Bi Wahiba, mbuzi hiyo unaipeleka wapi?"

"Shule."

"Makubwa! Imeanza la kwanza?"

"Kawatazame kuku wako, wasije wakafa hujawatafsiria," Bi Wahiba akamjibu, bila kupunguza mwendo.

Alipoukaribia mlango wa ofisi ya walimu akasikia kicheko. Si kicheko cha mtu mmoja, ofisi nzima inacheka, na sauti ya mwanamke inasoma huku inakatika: "'Baada ya matumizi... mbuzi apewe maji...' Jamani nitakufa!" Damu yake ndiyo inayochekwa mle ndani. Akabisha hodi.

Kicheko kikamezwa. Mwalimu Eufrazia, mtu wa Songea, mnene, mpole, akainuka akijifuta machozi. "Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba. Mie bibi yake Rumaisa."

Walimu wakatazamana. Mmoja akatoka nje kumalizia.

"Mama usikasirike," alisema Mwalimu Eufrazia. "Mtoto ana akili sana huyu. Ila nimeshangaa. Sisi kwetu bara ndio tuliojifunzia mbuzi ya nazi ukubwani. Nyumba ya watu wa pwani haina mbuzi? Hakuna mtu mzima wa kumwambia?"

Maneno yote Bi Wahiba alikuwa nayo tayari. Alikuwa ameyapanga njiani: mashine ya Dubai, Najma na Kizungu chake, dunia ya leo ilivyoharibika. Lakini mwanamke wa Songea amesimama anamuuliza, kwa upole, kama nyumbani kwake hamna mbuzi wala mtu mzima.

"Mbuzi ipo," alisema, akaiweka mezani juu ya madaftari. "Na mtu mzima yupo. Ndiye mie. Niliona, nikajua, nikanyamaza."

"Kwa nini, mama?"

"Nilinuna."

Mwalimu Eufrazia akalitazama daftari, akamtazama Bi Wahiba, mabega yakaanza kumtikisika upya. Akamtuma mtu amwite Rumaisa. Wakati wakisubiri akachukua kalamu nyekundu, akalinganisha mbuzi wa daftarini na mbuzi ya mezani. "Miguu, ipo. Ulimi, upo. Meno, yapo, tena makali. Afungwe mahali pakavu, sahihi. Pembe, hapana. Kiwele..." Hakuweza kuendelea. "Tayari ana nne kwa kumi, mama. Achore upya hapa hapa, nitamsahihishia upya."

Rumaisa akaingia. Akaiona mbuzi, akamwona bibi yake, akaitazama mbuzi tena. Mtoto mwepesi yule.

"Bibi, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu jana?"

"Tangu kwenye kiwele."

Rumaisa akavuta kiti, akampa bibi yake mgongo, akaanza kuchora. Mdomo ameuvuta mbele, nyusi amezikaza; walimu waliokuwepo walisema hawajapata kuona nyuso mbili zinazofanana vile. Akachora kikalio, akachora miguu, ulimi, meno, hakuinua kichwa hata mara moja. Akafika pale mbao mbili zinapopishana, mbuzi inapokunjikia. Jina la hapo hakulijua. Akamtazama Mwalimu Eufrazia. Mwalimu akapandisha mabega. Kwao Songea hapo hapakuwa na jina. Rumaisa akatafuna penseli. Akatazama dari. Kugeuka nyuma hakutaka, ng'o.

Bi Wahiba naye alikuwa amekaa, mikono mapajani, midomo ameibana. Kengele ya mapumziko ikalia. Penseli ilikuwa inakwisha kuliwa.

"Kiuno," alisema Bi Wahiba. "Sie kwetu hapo tunapaita kiuno. Andika, mwanangu."

Rumaisa akaandika. Kisha, bado amempa mgongo, akauliza kwa sauti ya kununa, "Na baada ya matumizi?"

Bi Wahiba akasogeza kiti karibu. Akajitanda kanga yake chini ya baibui, akakohoa kusafisha koo, na Mwalimu Eufrazia aliyekuwa anataka kwenda kunywa chai akaona hapa hapatoki mtu mapema, akakaa chini.