Visa ya Ghuba nilikuwa nayo, mchanga wa Bura ukanibakisha Garissa

Wakuu, asalaam aleikum. Haya yamenikuta mimi mwenyewe na siongezi chumvi. Mwenye ubishi atanikuta soko la mifugo, Garissa.

Mimi ni daktari wa mifugo. Nilipata kazi Ghuba, kutibu ngamia wa mbio. Visa tayari, tiketi tayari, mama ameshaanza kulia kwa awamu.

Wiki ya mwisho akanipigia Dokta Sahra, aliyenifundisha chuo. Nikajua inakuja lecture ya uzalendo. Wapi.

"Abdi, nina wanafunzi sita hawajawahi kumshika ngamia. Wapeleke Bura siku mbili, kisha uende zako."

Bura tulifikia kwa Eddo Habiba, shangazi yangu, mfugaji wa siku nyingi. Ngamia wake mmoja alikuwa amekonda. Nikatoa damu, nikatazama kwenye microscope. Safi kabisa. Nikamwambia mbele ya wanafunzi kwamba ngamia hana ugonjwa, ana njaa tu.

Eddo hakubishana. Alichota mchanga pale ngamia alipokojoa, akanusa.

"Huyu iko na dhukaan," akasema. Ni ule ugonjwa wa damu unaoletwa na nzi. "Wewe enda Arabuni na kioo yako. Mimi iko na pua."

Wanafunzi walicheka. Niliona aibu, siwafichi.

Asubuhi nikarudia kipimo, kwa kiburi tu, nimwonyeshe. Vijidudu hivyo hapo, vinacheza kwenye damu. (Wenye taaluma mnajua, kuna saa vinajificha.)

Kurudi mjini nikamsimulia Dokta Sahra kama kichekesho. Hakucheka.

"Pua yake inanusa nini hasa? Kuna aliyechunguza?"

Nikasema sijui.

Akanipa ufunguo wa maabara, meza moja, na wale wanafunzi sita. "Basi tafuta. Jibu hilo haliko Ghuba."

Wakuu, tangu nimalize chuo hakuna aliyewahi kuniuliza kitu cha maana. Kazi ilikuwa kujaza fomu za chanjo. Hicho ndicho kilichokuwa kinanifukuza, wala si joto la Garissa.

Ndege iliondoka bila mimi. Abti, mjomba wangu aliyenitafutia ile kazi, alininunia mwezi mzima, na sikumlaumu.

Kwa hiyo walimu wa vyuo mlioko humu, punguzeni makongamano ya "vijana wanahama". Mhitimu wako mpigie simu. Mpe ufunguo, mpe swali la nyumbani kwao. Sisi si wagumu hivyo.

Juzi Eddo alikuja maabara. Nikamwekea slaidi ya damu ya ngamia wake, akainama, akafumba jicho moja, akatazama.

"Kumbe ndio hawa," akasema. "Mama yangu alinusa maisha yake yote. Alikufa hajaona."

Nyinyi mnaofunga mabegi, chuo chenu kiliwahi kuwauliza nini? Tiririkeni hapa chini, nasoma zote.