Mdogo wangu Kaspari alivyoonjeshwa choo chake, ndipo tukajenga karo la pamoja (Bigwa)

Wakuu, marahaba. Najua wengi humu hamjanifikia umri, basi naitikia mapema.

Niwataje waliokuwepo, asije mtu akasema bibi katunga. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo Kaspari, mdogo wangu wa tumbo moja, msemaji wa shamba la ukoo, maana sisi Waluguru ardhi ni ya upande wa mama na wajomba ndio hujitia wakubwa. Alikuwepo binti yangu Leokadia na mumewe Hamisi, fundi ujenzi, mtu wa Kondoa.

Nyumba tatu, mteremko mmoja. Ya Kaspari iko juu. Bustani yangu ya mchicha na figiri iko chini kabisa.

Mmeshaanza kuelewa.

Choo cha Kaspari kikijaa, haiti gari la kunyonya. Anangoja masika. Mvua ikichanganya anatoboa shimo ubavuni, mzigo unashuka zake. Ndiyo kutapisha choo, na si yeye peke yake huku, msimwone mshenzi sana.

Nikimsema ananijibu, "Dada, mvua inafanya bure, wewe unataka nimlipe mtu wa gari?"

Sasa mimi naishi kwa mchicha. Siku moja sokoni mteja wangu Mama Zuhura kashika fungu, kalinusa, kalirudisha.

"Bibi, mchicha wako umenenepa kuliko wenzake. Unakula nini?"

Wateja wakacheka, wakahamia meza ya jirani. Wiki nzima nikawa nalisha mbuzi.

Nikaitisha kikao. Leokadia akataka tuombe bomba la majitaka, kama walilonalo watu wa katikati ya mji. Hamisi akamkata, "Mke wangu, kule nyumba zimebanana, bomba moja wanagawana mtaa mzima. Huku tutalivusha korongo watu watatu, na bili kila mwezi."

Kila nyumba na karo lake, shimo la majitaka la tofali? Hapo saruji na tofali mara tatu. Hamisi akasema bora karo moja kubwa chini ya mteremko, karibu na njia, mpira wa gari la kunyonya ufike. Uchafu unashuka wenyewe, hauhitaji pampu.

Mimi nikaona imekaa vizuri. Kaspari akagoma.

"Changu kinajitegemea," anasema. Na bila yeye, ardhi ya ukoo haichimbwi.

Sikubishana. Nikashuka bustanini, nikachuma figiri, nikaiosha maji matatu, nikaichemsha hadi ikasalimu amri, nikaiunga na karanga. Nikampakulia na ugali. Wengine niliwapikia maharage.

Akala. "Dada, tamu hii. Umeweka nini?"

"Mimi nimeweka karanga. Mengine umeweka wewe, juzi mvua ilipopiga."

Akaacha kutafuna. Hamisi akatoka nje, tukasikia anavyocheka. Leokadia akamletea mjomba wake maji, mjomba akasukutua kama mtoto aliyelamba udongo.

Halafu kwa sauti ndogo akauliza tunachimba wapi.

Karo lipo, limesakafiwa. Nilitoa matuta mawili ya figiri kupisha karo, na roho iliniuma. Mama Zuhura amerudi. Bado ananusa, ila ananunua.

Nilichojifunza: ile bure ya Kaspari nilikuwa nailipa mimi, kwa mchicha. Mkikaa kupiga hesabu za bomba na karo, ulizeni kwanza nani anakaa chini.

Na nyie wenye karo la pamoja, likijaa nani anaita gari? Sisi hilo bado tunanuniana.

Shule niliishia darasa la nne, ila majina na maneno ya watu hayanipotei. Kaspari naye kajiunga humu, anadai alikubali kabla sijamwambia figiri ilikula nini. Mimi nakumbuka mdomo ulikuwa umejaa. Hamisi, Leokadia, kama nimekosea nisahihisheni hapa hapa, mbele za watu.