Mabamba Matatu ya Ghorofa ya Kumi na Nne

Dada yangu mkubwa hawezi kupita kwenye ukuta bila kuugonga. Akienda kwa watu, kabla hajakaa keshagonga ukuta wao kwa kidole na kukunja uso, na aibu inanipata mimi. Ndiyo kazi yake. Anakagua mabamba ya mawe yanayobandikwa nje ya lile jengo refu la matajiri, ghorofa thelathini na moja, na pale kazini wanamwita Mama Gonga. Bamba lililoshikwa vizuri na gundi hutoa mlio mzito. Likilia kama sanduku tupu, basi nyuma yake pana uwazi, na siku moja litamshukia mtu kichwani. Hilo hulichora msalaba wa chaki nyekundu, na hana simile, hata umlilie.

Mimi natunza stoo palepale, nagawa gundi na chaki. Naishi nao pia, dada na shemeji. Shemeji ni fundi wa mabamba hayohayo, anaongoza kikundi cha mafundi sita, mtu wa maneno mengi na utani usioisha. Miaka kumi na minane hajawahi kuchorewa chaki nyekundu. Jengo lilipofika nusu, mhandisi mkuu alitangaza kwamba kikundi ambacho hakitachorewa msalaba hata mmoja ndicho kitakachopewa uso wa mbele, wenye lango kuu na mawe meupe. Shemeji akaanza kuuota mchana kweupe.

"Shemeji," aliniambia, "nikizeeka nitapita pale chini na wajukuu, niwaoneshe kwa kidole tu, nisiseme neno."

"Wewe usiseme neno?" nilimjibu. "Hapo sasa umetia chumvi."

Jumatatu moja dada akapanda kukagua ghorofa ya kumi na nne, nami nikambebea chaki. Akagonga, akasimama, akarudia. Mabamba matatu yaliyofuatana, karibu na dirisha la kona, yalikuwa matupu. Kwenye orodha, aliyeyabandika ni mumewe, kwa mkono wake mwenyewe.

"Dada, jifanye hujasikia," nilimnong'oneza. "Atayarekebisha kimyakimya."

"Wewe ungepita chini yake?"

Akachukua chaki mkononi mwangu, akaichora misalaba yote mitatu.

Nyumbani tulikula siku mbili kama tuko msibani. Maneno yote yalipitia kwangu. "Shemeji, mwambie dada yako chumvi imezidi." Na dada yupo palepale, mkono ungemfikia! "Mwambie shemeji yako ajipikie." Nilichoka, nikawaambia mimi si simu, wakome. Hakuna aliyecheka.

Jumatano shemeji aliyabandua mwenyewe, hakutaka fundi mwingine ayaguse. Dada alitakiwa awepo, aandike atakachokiona. Nyuma ya bamba la kwanza palikuwa na matone manne tu ya gundi, kazi ya mtu mwenye haraka. Pembeni palikuwa na tarehe kwa penseli, maana kila fundi huandika siku aliyobandika. Dada akaisoma, akaisoma tena, akakaa juu ya ndoo ya gundi.

Ndiyo siku ile dada alipokimbizwa hospitali akapasuliwa tumbo. Alipozinduka, mumewe alikuwa kando ya kitanda, vumbi la mawe limejaa kwenye nyusi. Habari ya lile vumbi amenihadithia mara ngapi! Hakuwahi kujiuliza mwenzake aliacha nini nyuma.

"Simu ilinikuta gundi imeshachanganywa, na ikichanganywa haingoji," shemeji alisema. "Nikayabandika hivyohivyo, nikakimbia. Nilisema nitarudi kuyarekebisha. Kisha nikakaa wodini siku tisa, nikasahau."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Bamba tupu ni bamba tupu."

Uso wa mbele walishapewa wengine, barua ilitoka asubuhi ileile. Nilijua inamuuma, maana hakuwa na utani hata mmoja. Dada akalia waziwazi mbele ya mafundi wote, na mimi, niliyekuja kuleta gundi tu, nikalia naye.

"Usilie," shemeji alimwambia. "Simu ile ikipigwa leo, nitayabandika vilevile."

Dada akafuta macho kwa mkono wa shati. "Na mimi nitayachora vilevile."

"Najua, mke wangu. Sasa inuka, umekalia gundi yangu."