Hodi Niliyopiga Kwenye Magofu ya Mlimani

Mkitaka kucheka chekeni sasa hivi mmalize, maana Naif nzima ilishanicheka na bado naishi. Nyinyi mnaijua video tu, na kwenye video nina sura ya mwendawazimu, sikatai, ila leo nitawapa habari yenyewe tangu mwanzo, na naombeni msinikatize, kwa sababu nikikatizwa nitaona haya na nikiona haya nitanyamaza.

Wakati ule nilikuwa nafunga mizigo kwenye duka moja la kusafirisha bidhaa pale mtaa wa Naif, huku Uarabuni (mashuka, masufuria, mataa ya sebuleni, kila kinachopakiwa kwenda kwetu), kijana wa Tanga nisiye na makuu, lakini moyo wangu ulikuwa umehamia mtaa wa pili, Al Baraha, kwa binti mmoja aitwaye Rukia, aliyekuwa akikaa na shangazi yake, Bi Zuwena, mama wa Kiunguja aliyemlea na ambaye neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Rukia alishaniambia wazi: "Shangazi akikuridhia, tuma wazee. Asipokuridhia, usinisumbue." Basi akina mama wa jengo lao walipopanga safari ya Ijumaa kwenda kutembea milimani karibu na mpaka wa Oman, kwenye kijiji cha kale kilichojengwa ubavuni mwa jabali, na mimi nikaalikwa, nilijua pale siendi kutembea, naenda kutazamwa. Nikanunua kanzu mpya, nyeupe pe, nikajifukiza udi mpaka wenzangu chumbani wakafungua dirisha.

Chanzo cha yote ni chai. Dereva wa basi dogo alikuwa rafiki yangu Kassim, wa Mombasa, naye baada ya swala ya Ijumaa akasimama kituo cha mafuta tununue chai ya maziwa. Nikanywa yangu. Bi Zuwena akaninunulia nyingine, na huwezi kumkatalia mama unayetaka akupe binti, nikanywa. Halafu akasema yake imezidi sukari na yeye ana kisukari, nimsaidie, nikamsaidia. Kassim akanitazama kwenye kioo akasema, "Bro, huko juu hakuna choo, nakwambia mapema." Nikacheka kama mtu mwenye kibofu cha chuma.

Tulipofika, kwanza sote tuliinua vichwa. Jabali limesimama kama ukuta, na chini ya ukingo wake nyumba za mawe zimebanana, rangi moja na mlima, hata usipotulia huzioni, unaona milango tu, vitundu vyeusi vifupi ambavyo mtu mzima huingia kwa kuinama. Palikuwa na kibao cha maelezo mwanzo wa njia, nami nikakisoma kwa sauti kubwa ili Bi Zuwena ajue nimesoma: kwamba upande wa chini yale marundo ya mawe ya duara ni makaburi ya watu wa maelfu ya miaka iliyopita, watu wa kabla ya vitabu na kabla ya mitume tunaowajua, na nyumba za juu na kimsikiti kisicho na paa ni za watu wa zama za kati, waliojenga juu ya wale wa kwanza. "Yaani wamelala chini, wengine wamelala juu yao," nikasema, kana kwamba nazungumzia vitanda vyetu vya Naif.

Bi Zuwena hakucheka. "Punguza sauti, mwanangu. Hapa pana wenyewe."

Hapo ndipo nilipojitia ujuaji. "Shangazi, wenyewe walishahama, wako mjini kwenye kiyoyozi." Akina mama wawili wakacheka, nikavimba kichwa.

Njia ya kupanda ilikuwa ngazi za mawe, nyembamba, upande mmoja jabali na mwingine bonde. Bi Zuwena ana goti bovu, kwa hiyo nikapewa kazi ya kumshika mkono (niliomba mwenyewe, kusema kweli), na wengine, Rukia akiwemo, wakawa wanakuja nyuma polepole wakipigana picha. Kadiri tulivyopanda ndivyo sauti zao zilivyopotea. Jua lilikuwa kali, lakini ukipita mbele ya mlango wowote ule unapigwa na baridi ya ndani, baridi yenye harufu, na harufu yenyewe haikuwa ya popo wala ya vumbi, ilikuwa ya kahawa inayokaangwa. Nilimtazama Bi Zuwena nione kama naye ameisikia. Alikuwa anasoma dua kimoyomoyo, midomo inacheza. Mbuzi watatu walisimama juu ya ukuta wakitutazama, hawalii, hawatafuni. Nikatamani wangalau watafune.

Na chai nayo ikafika mwisho wa subira yake.

Nikamkalisha Bi Zuwena kwenye kizingiti cha mawe penye kivuli, nikamwambia, "Shangazi, nakuja sasa hivi," nikazunguka nyuma ya nyumba ya juu kabisa, ile iliyopachikwa kwenye jabali. Nikapandisha kanzu, nikaing'ata pindo kwa meno kama tufanyavyo, nikachuchumaa. Halafu mkono wa woga ukanishika shingoni. Nyumbani Tanga bibi yangu hakumwaga hata maji ya moto uani bila kuwaomba radhi wasioonekana, na huwezi, hata uwe msomi wa kibao cha maelezo, ukajisaidia kwenye gofu la watu bila kubisha. Bi Zuwena hakuwa akinisikia, Rukia yuko nyuma huko ngazini, nani ataniona mshamba? Nikasema kwa sauti ya chini, pindo mdomoni, "Hodi wenyewe. Naomba ruhusa."

Halafu kutoka kitundu kidogo cha ukutani, karibu na sikio langu kabisa, sauti ya mtu mzima, taratibu, haina hasira, ikasema:

"Karibu. Lakini si hapo."

Kwa Kiswahili! Ingejibu Kiarabu ningesema ni mchunga mbuzi. Ingejibu Kiurdu ningesema ni fundi. Lakini Kiswahili, jabalini Uarabuni, kutoka kwenye nyumba isiyo na mtu? Ndugu zangu, sikumbuki kuinuka. Nakumbuka nipo mbioni, kanzu bado nimeing'ata, kwa hiyo ukelele wote ukatokea puani, mmmmh! mmmmh!, na chini ya kanzu nina bukta nyekundu ya mpira iliyochanika upande (nani alijua kwamba siku ile bukta itaonekana?), nashuka ngazi zile mbilimbili. Nilipita watu. Walikuwa wamejibanza ukutani, sikujua nani ni nani. Waliponiona hivyo hawakuuliza, wakageuka nao wakakimbia, mayowe yakawa ya kijiji kizima, na jabali likawa linayarudisha, ila linachelewa kidogo, kana kwamba kuna watu wengine juu wanaotuigiza.

Tuliingia basini tukafunga mlango. Kassim akawasha gari. Watu wanahema, mmoja analia, mwingine ameshaanza kucheka, na mimi ndipo nilipohisi kwamba ile haja iliyonipandisha kule sinayo tena. Mniache hapo, msiniulize.

Rukia ndiye aliyesema. Alikuwa ameshika kiwiko chake, uso umempauka. "Shangazi yuko wapi?"

Basi zima likanigeukia.

"Bro," Kassim akasema, taratibu sana, "wewe si ndiye ulikuwa naye?"

Sijawahi kuona aibu kama ile, na nimezaliwa kwenye familia yenye aibu nyingi. Nikafungua mlango. Nilitumaini mwanamume mmoja atasema tufuatane, hakusema mtu. Nikapanda peke yangu, nasoma Ayatul Kursi naanza katikati, naikosea, narudi mwanzo, na jua limeshapinda nyuma ya jabali kijiji kizima kimeingia kivulini. Sasa milango ilionekana mingi zaidi kuliko mara ya kwanza.

Pale nilipomwacha hayupo. Nikaita, "Shangazi!" Sauti yangu ikarudi imechelewa. Nikapanda tena, mpaka nyumba ya juu, ile ile, na hapo ndipo nilipomsikia anazungumza.

Alikuwa ameketi mlangoni, ameegemea jiwe, mguu mbovu ameunyoosha, na uso ameuelekeza gizani ndani. "Hapana," alikuwa anasema, kwa starehe kabisa, "ile nyumba ya pale Malindi, Unguja, ilishauzwa. Wenyewe waliondoka zamani. Siku hizi chini ni duka." Akatega sikio gizani, kama mtu anayejibiwa. "Ee. Ee, ndivyo. Dunia haikai."

Ndani sikuona kitu. Giza tu na harufu ya kahawa.

Akanigeukia. "Umerudi? Haya, salimia."

"Shi... shikamoo."

Nikadhani sitajibiwa, nikaanza kumshukuru Mungu.

"Marahaba, mwanangu," ikaitika ile sauti. "Ulishapata pahala?"

Nikasema ndiyo, ahsante, nimeshapata. Ningemwambia nini?

Bi Zuwena akanipa mkono nimwinue. Nikataka kuchungulia, akanifinya. "Nyumba za watu hazichunguliwi. Na usigeuke nyuma, si adabu." Tukashuka hatua kwa hatua, na shingo yangu yote ilikuwa inasisimka kama imewekewa barafu. Tulipokaribia basi nikamuuliza, "Shangazi, nani yule?"

"Mwenye nyumba."

"Ni mtu?"

"Mimi nimepiga hodi, nimeitikiwa, nimekaribishwa. Ulitaka nimdai kitambulisho?"

Huenda ni mzee aliyezaliwa Unguja akarudi kwao, wapo wengi wa namna hiyo huku. Huenda. Mpaka leo sijui, na sijaenda kuuliza.

Video ilifika Naif kabla yangu, maana kuna mtu alikuwa anapiga picha pale ngazini wakati napita. Wapakiaji wa duka letu, wenye mikokoteni, hata yule muuza sambusa ambaye hajui Kiswahili, wote walikuwa wakiniona wanang'ata fulana zao na kunguruma puani. Nilivumilia. Nilichokuwa nakingojea ni neno la Al Baraha tu. Nikaitwa Ijumaa iliyofuata, nikaenda na shati na suruali, na Bi Zuwena akanipokea vizuri mpaka nikashangaa.

"Ulinikimbia," akasema, "lakini ulirudi, na ulirudi peke yako. Mimi nimeshakusamehe. Ila muolewaji si mimi." Akamwita Rukia, akaenda jikoni.

Rukia hakukaa. Akapandisha mkono wa baibui akanionyesha kiwiko, kidonda kimeanza kufunga. "Pale kwenye ngazi nyembamba ulinisukuma. Nilianguka upande wa bondeni, nikashika jiwe. Nilikuita jina lako."

"Wallahi sikujua ni wewe."

"Najua hukujua." Hakuwa na hasira, heri angekuwa nayo. "Shangazi ulimkumbuka kwa sababu mimi nilimuulizia. Mimi nisingekuwa basini, nani angeniulizia?"

Nikainuka, nikaaga. Alikuja kuolewa na mtu wa Tanga vilevile, nasikia ni mpole na ana haraka chache.

Nimeapa, na mashahidi ni nyinyi: sitakebehi tena kitu ninachokiogopa mwenyewe, na popote nitakapokimbia maisha yangu yote, kwanza nitatazama nani yuko kando yangu. Ile video nilikuwa nimekataa kuiona. Siku moja usiku niliifungua nikaiona peke yangu. Nyinyi mnatazama bukta, najua, kila mtu anatazama bukta. Tazameni upande wa kulia. Kuna msichana wa baibui la buluu anaanguka, anashika jiwe, halafu anainuka mwenyewe na kujipangusa vumbi, na hakuna hata mmoja wetu anayegeuka.