Aliyeambiwa Asubiri

Haya ninayokusimulia yalinitokea mimi mwenyewe, tena asubuhi, nimeshakunywa chai. Nalitaja hilo mapema kwa sababu kila ninayemweleza huniuliza kama ilikuwa usiku, au kama nilikuwa na homa. Sikuwa na homa. Ungekuwa wewe uliyekalia baiskeli yangu siku ile, niamini, usingeuliza.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Same mjini. Jumamosi na Jumapili mchana, nikishatoka kanisani, huwa naendesha baiskeli. Ndiyo, mwanamke, tena kwa suruali ya kubana, na wamama wa sokoni walisema wakachoka. Naipenda barabara ya Kisiwani kuliko zote: kushoto una nyika ya Mkomazi, kulia milima imesimama kama ukuta, na upepo ukiwa mgongoni unajiona umeota mabawa. Huko huko barabarani ndiko nilikokutana na Eliamini. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Moshi, mpole, mcheshi, anayejua kumngoja mwenzake kwenye kilima. Tulipozoeana akaniambia anataka kunioa. Nikakubali. Kwa nini nisikubali?

Wazazi wangu hawapo tena. Aliyebaki wa kumpelekea mchumba ni shangazi yangu, na shangazi anakaa Myamba, juu kabisa, kwenye migomba na tangawizi. Nikamwambia Eliamini twende kwa baiskeli. Tungepita Kisiwani hadi Gonja, kisha tupande.

"Njia ile hapana," akasema.

"Kwani unaijua?"

"Naijua. Zamani nilikuwa nanunua tangawizi kule na pikapu. Mbovu sana. Tupande kwa Mwembe na Mbaga."

Njia ya Mbaga ni ndefu na ina vilima vya kukutoa machozi, nikashangaa kidogo, lakini sikubishana. Tukapanda kwa Mbaga. Tulifika kwa shangazi miguu inatetemeka, akatucheka, akatupakulia makande. Eliamini akamwamkia vizuri, shikamoo kwa mikono miwili, akajibu maswali yote. Shangazi akampenda. Usiku mvua ikanyesha, mvua ile ya milimani isiyo na haraka.

Asubuhi ukungu ulikuwa umejaa hadi mlangoni. Shangazi akatoka kuangalia, akarudi akisema, "Njia ya Mbaga leo msahau. Ule udongo utanata, tairi hazitazunguka. Shukeni Gonja, kule kuna mawe."

Nilimwona Eliamini akiweka kikombe chini. Akasema basi tukae siku nyingine. Nikamwambia nina nguo za watu za harusi, nimeahidi kuzimaliza. Akasema basi tutafute gari. Shangazi akamwambia gari la nini na mna baiskeli, na mnateremka tu? Eliamini alivaa helmeti yake kama mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Tukaanza kushuka. Yeye mbele, mimi nyuma, mkono kwenye breki, maana ulikuwa huoni zaidi ya migomba miwili mitatu. Tulikuwa tumeshapita nyumba za mwisho niliposikia kengele nyuma yangu. Kengele ya baiskeli ya kizamani, ile ya kuzungusha kwa kidole gumba. Nikajisogeza pembeni.

Sasa jiulize. Mimi nilikuwa kwenye baiskeli ya gia, nateremka kwa kasi hata nikiwa nimeshika breki. Nani ataniomba njia na baiskeli ya chuma yenye keria ya mizigo?

Alikuja sambamba nami. Mwanamke wa rika langu, kajifunga kitenge cha kijani, nyuma kafunga mzigo wa majani ya ng'ombe. Hakuwa anakanyaga pedeli. Hakushika breki. Nywele zangu zilikuwa zinadondosha maji kwa ule ukungu. Kitenge chake kilikuwa kikavu kabisa.

"Za asubuhi, dada," akasema kwa Kipare.

"Nzuri, dada. Habari za huko?"

"Huyo wa mbele ni wako?"

"Ni mchumba wangu."

Akaniangalia. Uso wake haukuwa wa kutisha, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Ulikuwa uso wa mtu aliyeona basi lake linakuja baada ya kulingoja sana.

"Ananifahamu," akasema. Akanipita, akaingia kwenye ukungu.

Nikaita, "Eliamini!" Hakujibu. Nikasikia tairi ikiburuzika kwenye kokoto, kisha kimya.

Niliwakuta kwenye kona, pale maji yanapopita chini ya barabara. Baiskeli ya Eliamini ilikuwa imelala, gurudumu bado linazunguka. Yeye kapiga magoti katikati ya njia. Yule mwanamke alikuwa amekaa kwenye jiwe ukingoni, na mguu wake mmoja, Mungu wangu, mguu wake ulikuwa umegeukia nyuma kuanzia gotini. Hakuonyesha kuumia. Alikuwa anaongea taratibu kama mtu anayeongea na jirani.

"Uliniambia nikusubiri," akasema.

"Nilikwenda kutafuta msaada," Eliamini akajibu. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Nilikuomba maji. Ulikuwa na chupa mkononi. Ukasema, subiri hapa hapa dada, nakuja sasa hivi."

"Nilikwenda…"

"Nilikusikia ulipofika kule chini. Ulipiga honi. Ulikuwa unasalimiana na watu." Akainama kidogo kumtazama. "Jua likaniwakia, mvua ikaninyeshea. Kila gari lilipopita barabarani kule juu nikasema, ndilo hilo. Sikuwa na sauti ya kuita."

Nilitaka kusali, nikasahau hata Baba Yetu, mimi niliyelelewa kwenye kwaya ya Kilutheri.

Eliamini akaanza kulia. Akasema nisamehe, dada, nisamehe, niliogopa. Yule mwanamke akamwacha alie hadi akamaliza. Kisha akainuka. Mguu wake ukanyooka huku ninautazama, akaushusha chini, akaujaribu, akatabasamu. Akaishika baiskeli yake.

"Sasa kaa wewe," akasema. "Kaa hapo kwenye jiwe. Nisubiri. Nakuja sasa hivi."

Akapanda baiskeli, akarudi juu kulekule tulikotoka, mlima mkali ule, bila kukanyaga hata mara moja. Kengele ikalia mara kadhaa. Baadaye ukungu ukafumuka, na nikaona barabara nzima hadi kule juu. Haikuwa na mtu.

Nilipogeuka, Eliamini alikuwa ameshakaa kwenye jiwe.

Nilimvuta. Nilimpiga kofi. Nilimwambia twende, akasema hawezi, ameambiwa asubiri. Ndipo aliponieleza yote pale pale, bila kunitazama. Kwamba alikuwa anashuka na pikapu imejaa tangawizi, akaingia kona kwa kasi, akamgonga mwanamke aliyekuwa anasukuma baiskeli, mwanamke na baiskeli wakaporomoka hadi kwenye mtaro. Kwamba alishuka akamkuta anaongea. Anaongea! Yu mzima kabisa, kavunjika mguu tu, anaomba maji. Akaogopa polisi, akaogopa wanakijiji. Akamwambia subiri. Gari akaliuza Moshi, biashara ya tangawizi akaiacha.

Bodaboda mbili zilizokuwa zinashuka zilitusaidia. Ilibidi afungwe kwa mpira nyuma ya dereva, na alipiga kelele njia nzima. Hospitali hawakuona kidonda wala mfupa uliovunjika.

Mimi nilirudi Myamba. Shangazi aliposikia akasema, "Huyo ni Nakijwa." Kijiji kizima kilimtafuta, akaja kuonekana mtaroni wakati hakuna tena cha kusaidia, na hakuna aliyejua nani alimgonga. Tukaenda na shangazi kwa mama yake. Bibi mmoja mwembamba, alikuwa anachambua maharage. Nikamweleza kila kitu. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu.

"Mwanangu aliomba nini?"

"Maji, mama."

Akaendelea kuchambua maharage. Baada ya muda akasema, "Akirudi pale, usimtoe."

Nilikwenda polisi nikatoa maelezo, naye hakukana neno. Waliomba daktari amwangalie, daktari akasema akili zake haziwezi kusimama kizimbani, akakabidhiwa kwa ndugu. Ndugu wakampeleka Moshi wakamfungia ndani. Akatoroka. Wakampeleka Dar kwa kaka yake, wakamwombea, wakampa dawa. Akatoroka. Kila mara wanamkuta kwenye lile jiwe, midomo imepasuka kwa kiu. Ukimpa maji anayamwaga. Anasema hayo si yake, yake yanaletwa. Siku hizi ndugu wamechoka. Watu wa chini pale wamemjengea kibanda cha mabati, na mvua ikizidi humwingiza kwa nguvu.

Wengi huniuliza kama namhurumia, maana nguo yangu ya harusi nilikuwa nimeshaikata. Nitakuambia ukweli. Bado naendesha baiskeli njia ile. Kila nikipita kona ile ananyanyuka, hanitambui tena, ananiuliza, "Dada, umemwona? Amesema anakuja."

Nami hupunguza mwendo, nikamjibu, "Nimemwona. Yuko njiani. Msubiri."

Kisha naenda zangu.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuja kuendesha milimani kwetu, njoo, karibu sana, njia ni nzuri na watu wana ukarimu. Ila jichunguze kwanza kabla hujashuka na ukungu. Kama kuna mtu uliwahi kumwacha chini, popote pale, kwenye lami au kwenye vumbi, ukamwambia unakuja na hukurudi, basi pita njia nyingine. Ukisikia kengele ya kizamani nyuma yako kwenye mteremko, usijidanganye kwamba una kasi ya kuikimbia.