Muuaji Mwenye Koti la Daktari

Juzi, kwenye runinga ya mkahawa mmoja hapa mtaani Najma, ughaibuni, nilimwona yule mwigizaji Mwingereza. Amezeeka, siku hizi anaigiza babu anayemwagilia maua. Chai ilinimwagikia mkononi.

Nilipokuwa mtoto, tukiishi papa hapa, mama yangu muuguzi alikuwa akilala mchana kabla ya zamu ya jioni, nami nikitazama runinga bila sauti. Kiyoyozi kilinguruma, sare yake ikinukia dawa ya hospitali. Alasiri moja mtu yule alimnyonga mwanamke kwa shuka. Nikabadilisha chaneli, nikamkuta tena, safari hii na koti jeupe, akiwapima wagonjwa. Nikajua amewatoroka polisi, amejificha hospitalini kwa mama.

Beji ya mama nikaifukia kwenye debe la unga.

Basi la wauguzi lilipiga honi chini. “Beji yangu iko wapi? Nitafutwa kazi mimi.”

Nililia, nikamweleza yote. Akaitoa beji, akaikung'uta unga.

“Huyo anaigiza tu. Ndiyo kazi yake.” Akaniacha kwa jirani, akaenda.

Leo najua alisema kweli. Hata hivyo, nilipotoka mkahawani nilimpigia mama simu Nakuru, alikorudi kuishi.

“Mama, umefunga mlango?”

“Umemwona tena,” akasema.